Mfupa Uliovunjika kwa Kujikwaa Usiachwe Uitwe Uzee

Mama wa miaka 62 anajikwaa kizingitini, anajikinga kwa kiganja, mkono unavunjika. Anafungwa hogo, baada ya wiki sita linatolewa, anarudi zake Kongwa au Mpwapwa huku nyumbani wakisema ni uzee. Linaniuma, kwa sababu mara nyingi ule mkono ulikuwa onyo la osteoporosisi, yaani ugonjwa wa mifupa kupungua na kuwa dhaifu, na mfupa unaofuata huwa ni wa nyonga.

Mfupa ni kitu hai: mwili huubomoa na kuujenga kila siku. Hadi kwenye miaka 30 hivi ujenzi huzidi, kisha mizani hugeuka taratibu. Kwa mwanamke, hedhi ikikoma homoni ya estrojeni hushuka na ubomoaji hushika kasi. Mfupa hubaki na matundu, wala hauumi. Wanaume nao wamo, hasa wavutaji sigara, wanywaji wa pombe nyingi na waliomeza prednisolone (dawa ya steroidi) miezi 3 au zaidi. (Usiiache ghafla kwa hofu, zungumza na daktari wako.)

Tazama pia gauni. Lililoishia vifundoni likianza kuburuza, na kimo kimepungua sentimita 4 hivi, huenda pingili za mgongo zimebonyea. X-ray ya kawaida huchelewa kuonesha. Mfupa huwa umeshapoteza takriban asilimia 30. Kipimo chake hasa ni DEXA, mashine ya kupima uzito wa madini kwenye mfupa, na alama (T-score) ya -2.5 kushuka chini ndiyo osteoporosisi.

Chakula kipo hapa hapa. Mwanamke aliyevuka miaka 50 anahitaji miligramu 1,200 za kalsiamu kwa siku. Kikombe cha maziwa, hata ya mgando, kina karibu 300. Uwele wetu tunaoupenda una kalsiamu kidogo. Ulezi ndio wenye zaidi ya 300 kwa gramu 100. Dagaa waliwe na miiba yao. Kutembea na kubeba mizigo ya kiasi huuimarisha mfupa, ila aliyekwisha kuvunjika mgongo asiiname kunyanyua ndoo.

Ukiandikiwa alendronate, dawa ya kupunguza ubomoaji wa mfupa, ya kila wiki, imeze asubuhi kabla ya kula, kwa glasi nzima ya maji, kisha usilale kwa dakika 30, maana huunguza koo.

Ukija kliniki, njoo na dawa zote unazotumia, utueleze hedhi ilikoma lini, na kama mama au baba yako aliwahi kuvunjika nyonga.