Kwa nini chakula hugeuka chuma mdomoni mwa mgonjwa wa kemo, na umpikie nini?

Wiki moja baada ya dripu yake ya pili ya kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, nilimpelekea rafiki yangu mbaazi za nazi. Nilizipika anavyozipenda: tui zito nililitia mwisho, pilipili mbichi nzima ikielea juu bila kupasuliwa, ndimu pembeni. Akachota kijiko kimoja, akakitia mdomoni, akanyamaza. Kisha akasema taratibu, "Shosti, nisamehe. Nahisi kama nanyonya shilingi."

Nilidhani nimeharibu mapishi. Nikaonja mwenyewe, mbaazi zilikuwa sawa kabisa. Ulimi wake ndio uliobadilika. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiuliza wauguzi na kusoma kila nilichoweza, kwa sababu nilitaka kujua kinachotokea mdomoni mwa mtu anayetibiwa saratani, na mpishi wake afanyeje.

Dawa nyingi za kemo huziandama seli zinazogawanyika upesi, kwa kuwa hiyo ndiyo tabia ya seli za saratani. Lakini mwilini mna seli njema zenye haraka hiyo hiyo: za mizizi ya nywele, za uboho unaotengeneza damu, za utando wa mdomo na utumbo. Seli za ulimi zinazotambua ladha nazo zimo. Nyingi huishi siku kama 10 tu, kisha hufa na changa zikashika nafasi. Kemo ikiingia kati, kuukuu zinaondoka na changa zinachelewa. Chumvi haisikiki vizuri, utamu unafifia, uchungu unajitokeza hata pale usipokuwepo. Juu ya hayo, baadhi ya dawa hupenya hadi kwenye mate, na mgonjwa huzionja moja kwa moja. Ile shilingi aliyoisema haikuwa maneno ya mtu anayedeka.

Kijiko cha chuma huzidisha hali hiyo, kwa hiyo nilimnunulia kijiko kidogo cha mbao. Mapishi ya ukwaju niliyahamisha kutoka sufuriani nikayapika kwenye chungu cha udongo. Uchachu wenyewe ni rafiki mkubwa: maji ya ukwaju, tone la ndimu kwenye mchicha au embe bichi lililosagwa huweza kufunika ule uchuma. Ila akipata vidonda mdomoni, uchachu wote, pilipili na chumvi nyingi viondoke mara moja. Hapo anahitaji vitu laini visivyochoma: uji, ndizi mbivu iliyopondwa, viazi vitamu vilivyosagwa kwa tui.

Kisha kuna harufu. Sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha hutoka puani, na chakula cha moto hutoa mvuke uliobeba harufu yote. Kwake nyama na samaki ndivyo vilivyotangulia kumshinda, na hilo huwapata wengi wanaopata kemo, hasa kwa nyama nyekundu. Hakuwahi kuwa mtu wa kuacha kitoweo kwa imani wala kwa mtindo wa maisha. Harufu ya supu ya ng'ombe ilimfukuza jikoni kwake mwenyewe, akabaki na nafaka, mikunde, majani na matunda. Basi nikawa napikia kwangu, nampelekea chakula kikiwa vuguvugu, na kifuniko nakifungulia chumba kingine ili mvuke wa kwanza usimkute. Jambo dogo hilo liliokoa milo mingi.

Kuna jingine ambalo natamani ningelijua kabla sijampelekea zile mbaazi. Mwaka 1978 mtafiti wa Marekani, Ilene Bernstein, alichapisha jaribio alilofanya na watoto wenye saratani. Wengine walipewa aiskrimu yenye ladha ya pekee muda mfupi kabla ya dawa zao zinazoleta kichefuchefu kikali. Walipoletewa tena aiskrimu ile ile baadaye, wengi waliikataa, ingawa wao wenyewe walijua kwamba kilichowatapisha ni dawa. Ubongo haushauriani na akili katika hili. Ukiumwa tumbo baada ya kula kitu, unakiwekea alama ya sumu, uwe umekosea au la. Mwaka 1987 yeye na mwenzake wakajaribu njia ya kuukwepa mtego huo: baina ya chakula na dawa mtoto alipewa peremende yenye ladha ngeni. Chuki ikaiangukia peremende, na chakula kikapona.

Kwa hiyo siku ya dripu usimpelekee anachokipenda kuliko vyote. Mpelekee kitu cha kawaida, kidogo, ambacho hata akikichukia maisha yake hayatapungukiwa. Mimi sasa hupeleka biskuti kavu na chai nyepesi ya tangawizi, na pipi ya mnanaa ya kunyonya akiwa njiani kwenda. Kuhusu tangawizi, tafiti hazikubaliani. Zipo zilizoona inapunguza kichefuchefu kiasi, zipo ambazo hazikuona. Iwe kiburudisho tu, na vidonge vya kuzuia kichefuchefu alivyoandikiwa avimeze kwa wakati wake.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wapishi wengi wenye upendo tunalikosea, nami nilikuwa wa kwanza. Tukisikia "saratani" na "mboga" tunakumbuka mawaidha ya afya: majani mengi, nafaka isiyokobolewa, mafuta kidogo, sukari hapana. Ni mawaidha mazuri kwa mtu mwenye afya anayejikinga. Mgonjwa aliye katikati ya kemo yuko kwenye shida nyingine kabisa. Anapungua uzito, misuli inayeyuka, na tumbo linajaa kwa vijiko vitano. Sinia la kachumbari na mchicha wa kuchemsha ni maji na nyuzinyuzi tupu; linamshibisha kabla halijamlisha. Miongozo ya lishe ya Ulaya kwa wagonjwa wa saratani inataja protini zaidi ya gramu 1 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, ikiwezekana ifike 1.5, na nishati ya kilokalori 25 hadi 30 kwa kilo. Rafiki yangu alikuwa na kilo 55. Hesabu hiyo inadai gramu 55 hadi 82 za protini, kutoka kwa mtu ambaye bakuli moja linamtisha.

Mimea inaweza kuifikia hesabu hiyo, lakini ni lazima kila kijiko kibebe mzigo. Hapa ndipo nilipokumbuka kimea, yaani nafaka iliyooteshwa.

Miaka ya 1980 wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania walikuwa wakihimiza unga wa kimea kwa ajili ya watoto wanaoachishwa ziwa. Shida ya mtoto na shida ya mgonjwa ni moja. Uji mwepesi unanyweka lakini una unga kidogo mno. Ukiongeza unga, unakuwa mzito na haumezeki. Wanga ukipikwa hunyonya maji na kuvimba, na minyororo yake mirefu ndiyo inayougandisha uji. Mbegu inapoota hutengeneza vimeng'enya vya kuikata minyororo hiyo, kwa kuwa mche mchanga unataka kuula wanga huo. Sisi tunaviazima.

Chagua ulezi safi, uoshe, uloweke usiku kucha. Mwaga maji, uutandaze chini ya kitambaa chenye unyevu siku mbili au tatu mpaka vichomoze vijimea vidogo. Anika juani ukauke kabisa, kisha usage. Tumia ulezi, si mtama: mtama ukiota, machipukizi yake huwa na sumu na lazima yaondolewe yote. Pika uji mzito, karibu na ugali laini. Uepue, uuache upungue joto usichemke tena, halafu koroga kijiko kimoja cha unga wa kimea. Subiri dakika chache. Mwiko uliokuwa unasimama wenyewe utaanza kuteleza, na uji ule ule, wenye unga ule ule, utamiminika kikombeni. Urudishe motoni uchemke vizuri, maana mbegu zilizoota kwenye unyevu huwa na vijidudu. Mara ya kwanza nilipouona ukilegea nilimwita mwanangu aje ashuhudie.

Kwenye kikombe hicho tia vijiko viwili vikubwa vya siagi ya karanga, na umeongeza kilokalori kama 190 na gramu 7 hivi za protini bila kuongeza ukubwa wa mlo. Tui zito nalo lina nafasi yake. Ndiyo, lina mafuta mengi, na kwa mtu mwenye shinikizo au kitambi ningesema apunguze. Kwa anayepungua kilo kila mwezi, mafuta hayo ndiyo nishati iliyofungwa ndani ya kijiko. Parachichi vivyo hivyo: nusu ya wastani ina kilokalori kama 160, na halihitaji moto wala halina harufu ya kumkera.

Mchana nilimpikia makande, yale ya mahindi yaliyokobolewa. Mabibi zetu waliyapika bila kujua majina ya lisini na methionini, vijenzi viwili vya protini, lakini walilifumbua fumbo lile lile: protini ya mahindi ina upungufu wa lisini, ya maharage ina upungufu wa methionini, na kila moja lina kile ambacho mwenzake amekikosa. Maharage niliyaloweka usiku na kumwaga yale maji, ili kupunguza zile sukari zinazochachuka tumboni na kujaza gesi. Nikayapika mpaka yapondeke, nikayapitisha kwenye chujio, maganda yakabaki. Kwa afya yako wewe maganda ni mema. Kwa mtu anayeharisha kutokana na dawa, au anayepigwa mionzi ya tumbo, nyuzinyuzi hizo ni kama mchanga juu ya kidonda. Akifunga choo, mambo yanageuka, na hapo unamrudishia maganda na papai. Kwa hiyo kabla ya kupika nampigia simu kwanza: "Leo tumbo likoje?"

Usafi wa chakula unataka ukali kuliko mapishi yenyewe. Baada ya dripu, chembe nyeupe za damu zinazopambana na vijidudu hushuka, mara nyingi chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14. Siku hizo kachumbari nimeiacha, juisi za barabarani hapana, wali uliolala hapana, na matunda ni ya kumenya kwa mkono uliooshwa. Akipata homa ya nyuzi 38 siku hizo, ni hospitali usiku ule ule.

Karanga nazichagua moja moja. Iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ukungu naitupa, maana huenda imebeba sumukuvu, ambayo yenyewe husababisha saratani ya ini, na kukaanga hakuiondoi. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya watu 125 walikufa kwa mahindi yenye sumu hiyo, na mwaka 2016 iliua pia Dodoma na Manyara. Siagi ya karanga ya kununua bila kujua karanga zimetoka wapi siipeleki kwa mgonjwa.

Balungi nalo, lile tunda chungu linalofanana na chungwa, huzuia mwili kuvunja baadhi ya dawa, dawa zikarundikana kwenye damu. Amuulize daktari kabla. Na wataleta majani. Wataleta ya stafeli, watasema yanamaliza saratani. Hakuna ushahidi kwamba yanaponya mtu, na stafeli ina kemikali iitwayo anonasini inayodhuru seli za neva. Mlonge kama mboga sufuriani sina ugomvi nao. Unga wa mlonge kwa vijiko, pamoja na kemo, ni jambo la kumwambia daktari. Chakula nilichompikia hakikutibu saratani yake. Kilimpa nguvu za kurudi kwa dripu iliyofuata.

Kisha sukari. Jirani mmoja alimkataza hata ndizi mbivu, "inalisha uvimbe." Chanzo cha maneno hayo ni cha kweli: miaka ya 1920 Mjerumani Otto Warburg aliona seli za saratani zikitumia glukosi kwa pupa. Lakini ukimnyima mgonjwa wanga, ini lake litatengeneza glukosi kutoka kwenye misuli yake mwenyewe. Uvimbe haulali njaa. Mwenye mwili ndiye anayelala njaa. Nilimwomba jirani huyo, kwa heshima zote, alete ndizi.

Jambo moja mimea haikuweza kumpa ni vitamini B12. Ilipopita miezi bila nyama, mayai wala maziwa, tulilitaja kliniki, akapimwa.

Ladha hurudi, kwa wengi ndani ya wiki kadhaa au miezi michache baada ya dawa ya mwisho, ingawa waliopigwa mionzi ya kichwa na shingo huweza kungoja zaidi. Kwake chumvi ilichelewa. Mwezi wa pili baada ya kumaliza, alikuja nyumbani kwangu kwa miguu kurudisha hotipoti yangu, na chombo hakirudi kitupu. Ndani mlikuwa na mbaazi za nazi alizozipika mwenyewe, pilipili nzima ikielea juu. Zilikuwa na chumvi kali. Nilichukua mkate wa mofa, nikazila zote huku akiniangalia, naye akachovya tonge akasema, "Leo nazisikia."