Kufuta makala ya utafiti kwa kasoro ya ridhaa

Kufuta makala ya utafiti ni hatua ya jarida la kisayansi kutangaza kwamba makala liliyoichapisha haifai tena kutegemewa kama ushahidi. Kwa kawaida makala haiondolewi. Hubaki mahali pake ikiwa na alama ya kufutwa na tangazo la sababu. Wengi wakisikia hivyo hudhani takwimu zilipikwa, na mara nyingine ndivyo ilivyo, lakini makala inaweza kufutwa hata kama hesabu zake ni sahihi, iwapo washiriki hawakuridhia ipasavyo.

Ridhaa si saini tu. Mshiriki, au mzazi ikiwa mshiriki ni mtoto, huelezwa kwa lugha anayoielewa atafanyiwa nini, kuna hatari gani, na kwamba anaweza kujitoa wakati wowote. Sharti hilo limo katika miongozo ya kimataifa ya maadili ya utafiti kwa binadamu, yaani Kanuni za Nuremberg za 1947 na Azimio la Helsinki la 1964.

Mfano unaofundisha zaidi, kwa maoni yangu, ni ule wa mchele wa dhahabu, yaani mchele uliobadilishwa vinasaba ili uwe na kirutubishi ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts cha Marekani na wenzao wa China waliwalisha mchele huo watoto wa shule katika jimbo la Hunan, na matokeo yakachapishwa mwaka 2012 katika jarida la American Journal of Clinical Nutrition. Baadaye ilibainika kwamba wazazi hawakuambiwa wazi kuwa mchele ule umebadilishwa vinasaba, jambo ambalo huenda ndilo hasa wangetaka kulijua kabla ya kukubali. Uchunguzi wa Tufts haukuona dhara kwa watoto, wala haukuzikataa takwimu. Hata hivyo, kosa la hesabu hurekebishwa kwa tangazo la masahihisho, ilhali mzazi hawezi kuombwa ruhusa ya chakula ambacho mwanawe alikwisha kukila.

Mtafiti mkuu alikwenda mahakamani Massachusetts kuzuia makala isifutwe, akashindwa, na mwezi Julai 2015 ikafutwa. Tangazo la jarida linataja upungufu wa uthibitisho kuhusu kibali cha kamati ya maadili nchini China na kuhusu fomu za ridhaa. Halidai kwamba vipimo vya vitamini vilikosewa.