Mark Williams na Vipimo Mnavyoviita Kisingizio

Kazi yangu ni kutibu viungo vya wachezaji wa basketi hapa Kampala, na tangu Juni 2025 kliniki imegeuka kijiwe. Chanzo ni Khaman Maluach. Kijana aliyekulia Kawempe hapa Kampala, akavaa jezi ya klabu yetu ya City Oilers kwenye BAL, Ligi ya Basketi ya Afrika, mwaka 2024, kachaguliwa wa 10 katika drafti, zoezi ambalo klabu za NBA, ligi kuu ya basketi ya Marekani, huchagua wachezaji wapya kwa zamu, na kuangukia Phoenix Suns. Ghafla kila mwenye goti bovu ni shabiki wa Phoenix. Kumbe usiku uleule Suns wakamchukua pia Mark Williams wa Charlotte, senta mwingine, yaani yule mrefu anayelinda ringi. "Musawo (daktari), huyo walimtaka wa nini, na Lakers wa Los Angeles walishamkataa?" Nimeulizwa hivyo na watu waliolala kifudifudi mpaka nimechoka.

"Vipimo vya Lakers vilikuwa kisingizio."

Hii ndiyo inayonipandisha presha. Turudi Februari 2025. Lakers walikuwa wamempata Luka Dončić kwa kumtoa Anthony Davis, wakabaki bila senta wa maana. Wakakubaliana na Charlotte: wao watoe Dalton Knecht, Cam Reddish, nafasi yao ya kuchagua katika raundi ya kwanza ya drafti ya mwaka 2031 na haki ya kubadilishana nafasi katika drafti ya mwaka 2030, wapewe Williams. Tarehe 8 wakavunja mapatano, wakisema kuna sharti halikutimizwa. Habari zikatoka kwamba sharti lenyewe ni vipimo vya afya. Kijiweni hukumu ikapita papo hapo: wamejutia bei, wamemsingizia kijana wa watu.

Sasa hesabuni wenyewe. Dirisha la kubadilishana wachezaji lilifungwa tarehe 6. Walipomrudisha Williams, hapakuwa tena na nafasi ya kubadilishana na klabu nyingine ili wapate senta. Gharama yake tuliiona sote alfajiri ya Mei Mosi: Rudy Gobert wa Minnesota akawafunga pointi 27, akachukua ribaundi 24, na Lakers wakaaga raundi ya kwanza ya mtoano kwa mechi 4-1. Kama hicho ni kisingizio, basi ni cha watu wasiojipenda.

Shida ni kwamba mnadhani vipimo ni mtihani wa kufaulu au kufeli, kama wa udereva. Daktari wa klabu haulizwi kama mchezaji anaweza kucheza kesho. Williams aliweza, na alirudi Charlotte akacheza msimu uleule. Daktari anaulizwa mwili huu utabeba mechi ngapi katika miaka ambayo klabu inailipia. Misimu mitatu ya kawaida ya Charlotte ina mechi 246. Williams alicheza 106. Mgongo ulimla karibu msimu mzima wa 2023-24, halafu kano ya mguu wa kushoto ikamchelewesha kuanza uliofuata. Ukitoa nafasi ya drafti ya mwaka 2031 kwa mwili wenye historia hiyo, lazima usome kila picha ya MRI mara mbili. Mimi ningesoma tatu.

Na urefu wenyewe si rafiki wa mifupa. Mwili ukikua kwa uwiano uleule, uzito huongezeka kwa mchemraba wa urefu, lakini eneo la mkato wa mfupa unaoubeba huongezeka kwa mraba tu. Maana yake kila kipande cha mfupa wa jitu kinabebeshwa zaidi ya kile cha mtu wa kawaida, na bado hajaruka na kutua. Yao Ming, sentimita 229, alistaafu mwaka 2011 akiwa na miaka 30 kwa sababu ya mguu wa kushoto. Greg Oden alichaguliwa wa kwanza mwaka 2007, mbele ya Kevin Durant; magoti yakamwachia mechi 105 katika NBA yote. Hata hivyo yupo Zydrunas Ilgauskas, sentimita 221, aliyepasuliwa miguu mapema kisha akaichezea Cleveland miaka na miaka. Ndiyo maana madaktari wawili waaminifu wanaweza kutazama mwili mmoja, huyu akasema hapana, yule akasema tunauweza.

Phoenix walisema wanauweza. Walitoa Vasilije Micić, nafasi ya 29 ya drafti ya usiku ule, na ya raundi ya kwanza ya drafti ya mwaka 2029. Walifanya vema? Kwangu ndiyo, na kwa sababu ileile inayowaudhi: wana Khaman. Klabu yenye senta mmoja wa namna ya Williams itamtwisha dakika mpaka mgongo ulalamike tena. Yenye wawili inaweza kumpumzisha bila kuomba radhi. Khaman naye alianza basketi mwaka 2019 na alichaguliwa kwenye drafti akiwa na miaka 18. Mnaotaka apewe dakika 35 kila usiku kwa sababu ni wetu, hamumtakii mema.

Kinachonisikitisha ni kwamba wanaocheka vipimo vya Lakers ndio haohao, huku kwetu, wanaosajili kijana wa Sudan Kusini kwa kumwona tu akiinama mlangoni. Hakuna anayemwomba achuchumae. Hakuna anayeuliza amecheza miaka mingapi kwenye saruji. Wanamleta kwangu Machi, ameshachanika. Viongozi wa klabu, kama pesa za MRI hazipo, fanyeni hili la bure: asimame kwa mguu mmoja, ainue kisigino mara 20 bila kuyumba, kisha mguu wa pili. Akishindwa, sitaki kusikia habari za mkataba, mpeni kwanza miezi ya mazoezi ya ndama.

"Senta ni urefu tu."

Hapana. Anayezuia mpira ni mkono, si utosi. Williams alipopimwa kabla ya drafti ya mwaka 2022, akiwa amesimama tu, vidole vyake vilifika kama sentimita 297, na ringi iko 305. Draymond Green ana sentimita 198 na amecheza senta katika timu ya mabingwa. Pimeni mikono, pimeni na akili.

"Mtoto akicheza basketi atarefuka."

Harefuki kwa basketi. Warefu ndio wanaochaguliwa kucheza, wafupi wakaachwa nje, kisha mnasema mpira umewarefusha. Mpeleke mtoto kwa sababu anaupenda.

"Maumivu yakiisha, amepona."

Maumivu huondoka mapema. Kano na mfupa hurudisha nguvu polepole, na katikati ya hayo mawili ndipo wengi wanapoumia upya. Ufa wa navikula, mfupa mdogo wa katikati ya unyayo, ule uliomkalisha Joel Embiid nje misimu miwili kamili kabla ya mechi yake ya kwanza ya NBA, haufuati ratiba ya ligi. Mchezaji akinijia Jumatano akidai haumwi tena na Ijumaa kuna mechi uwanja wa Lugogo, namrukisha kwa mguu mmoja mbele ya kocha wake. Kwa kawaida kocha ndiye anayeondoka wa kwanza kwenda kutafuta senta mwingine.