Kampuni ya EPZ Haijasamehewa Kila Ushuru

Katika mafunzo yetu Athi River, Kenya, kwa wafanyakazi wa EPZ (maeneo ya viwanda vinavyozalisha bidhaa za kuuza nje ya nchi), swali hili halikosi. Mshonaji hunyoosha hati ya mshahara, kidole kikiwa kwenye mstari wa PAYE, ushuru ambao mwajiri hukata kwenye mshahara: "Kampuni imesamehewa ushuru, mbona mimi nakatwa?" Ana haki ya kuuliza. Kilichosamehewa ni ushuru wa faida ya kampuni kwa miaka 10 ya kwanza. Miaka 10 inayofuata kampuni hulipa asilimia 25 badala ya 30. Mshahara wako si faida ya kampuni.

Wanaotuchosha ni waajiri wanaoyajua haya na bado hujitetea kwamba "sisi ni EPZ". PAYE ya Juni huwasilishwa kufikia tarehe 9 Julai. Ukichelewesha ritani (taarifa ya ushuru), adhabu ni asilimia 25 ya ushuru huo au shilingi 10,000, kile kilicho kikubwa. Ukichelewesha malipo, ni asilimia 5, pamoja na riba ya asilimia 1 kwa mwezi. Kwa PAYE ya shilingi 400,000 utadaiwa 100,000 kwa ritani, 20,000 kwa malipo, na 4,000 kila mwezi hadi umalize deni. Ritani ya mwaka nayo hujazwa hata wakati wa msamaha. Tumelisema hili mara nyingi mno.

Je, serikali itoe nafuu hizi? Kwa maoni yangu itoe, ila ichague aina yake. Msamaha wa ushuru wa faida humfaa anayepata faida mapema. Kiwanda kilichonunua mitambo mizito kikakaa miaka minne katika hasara hakivuni chochote miaka hiyo, ilhali ndicho kisichohama kwa urahisi. Nafuu inayotokana na gharama ya mitambo ni bora, maana asiyenunua mashine haipati. Tanzania nayo hutoa msamaha wa miaka 10 kwa EPZ zake, hivyo anayelinganisha nchi hizi mbili huishia kuuliza bei ya umeme na kasi ya bandari.

Isitoshe, nchi kadhaa, Kenya ikiwemo tangu Desemba 2024, zina ushuru wa nyongeza kwa makampuni makubwa ya kimataifa yanayolipa chini ya asilimia 15. Tunachosamehe kinaweza kudaiwa tena hapa hapa, au kule yaliko makao makuu.

Mfanyakazi anayeshuku kwamba makato yake hayafiki, amwombe mwajiri fomu ya P9, inayoonyesha mshahara na makato ya mwaka, kisha ailinganishe na kilichoandikwa kwenye akaunti yake ya iTax, mtandao wa mamlaka ya ushuru.