Bonge la protini halisubiri majibu ya maabara

Kingamwili ya aina ya IgG, protini inayotumika kama dawa, ina uzito wa kilodaltoni 150 hivi na upana wa takriban nanomita 10. Ikielea peke yake, ni dawa. Zikishikana, zinakuwa mabonge, na bonge likiingia mwilini linaweza kuushtua mfumo wa kinga hadi uanze kuipinga dawa yenyewe. Mgonjwa aliyekuwa akipata nafuu anaweza kukuta dawa haimsaidii tena. Kwa hiyo suala hili silichukulii kama la takwimu za kiwandani tu.

Hatua ninayoihofia zaidi ni ile inayofuata safu ya protini A, yaani mrija uliojazwa chembe zinazonasa kingamwili. Kingamwili hutolewa humo kwa asidi, kisha mara nyingi huachwa kwenye pH ya karibu 3.5 kwa saa moja hivi ili kuua virusi. Asidi hiyohiyo hulegeza mikunjo ya protini, na sehemu zake zinazochukia maji, ambazo kwa kawaida hujificha ndani, hujitokeza nje na kunasana. Kugandisha na kuyeyusha nako huchangia, na viputo vya hewa kwenye pampu pia.

Utaratibu wa kawaida ni kuchota sampuli na kuipeleka maabara, ikachujwe kwa ukubwa kwenye kromatografia. Kipimo hicho nakiheshimu na sitaki kiondolewe. Lakini majibu yakirudi, kimiminika kimeshapita, na uamuzi wa kipi kikusanywe na kipi kimwagwe ulishafanyika bila majibu hayo.

Tazama safu ya usafishaji ya kubadilishana ioni, inayotenganisha protini kwa chaji zake za umeme. Kwenye skrini, mchirizi wa urujuanimno wa nanomita 280 unapanda, unafika kileleni, unashuka. Mara nyingi kingamwili moja moja hutangulia, mabonge yakajazana mkiani. Mchirizi huo hukuambia protini ni kiasi gani. Kama zimeshikana au la, hausemi. Hapo ndipo mtawanyiko wa mwanga wa leza unapofaa: kwa kiasi kilekile cha protini, jozi hutawanya mwanga mara mbili ya kingamwili moja. Gawanya mtawanyiko kwa kiasi cha protini, unapata wastani wa uzito papo hapo, bomba likiwa linatiririka. Mstari unatulia kwenye 150. Jozi zikifika asilimia 5 ya uzito wote, unasogea hadi 157.5, ilhali mchirizi wa urujuanimno unashuka vizuri tu kana kwamba hakuna kitu. Ukiukata mkia mapema mno, unamwaga dawa nzuri; ukichelewa, unachafua uliyokwisha kuikusanya.

Mwongozo wa FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, wa mwaka 2004 kuhusu teknolojia za kuchunguza mchakato ulihimiza upimaji wa namna hii, na naona bado tunausitia bila sababu ya kutosha. Vikwazo vipo, tena vya kweli. Kiputo kimoja hutawanya mwanga zaidi kuliko mabonge yote, kwa hiyo mtego wa hewa ni lazima. Protini ikiwa nyingi mno kwenye kimiminika, molekuli husukumana na kipimo huonyesha uzito mdogo kuliko halisi, lazima kirekebishwe. Tena kihisi cha mwanga kikae kabla ya vali inayoelekeza kimiminika kikusanywe au kimwagwe, na ujazo wa bomba lililo kati yao upimwe: gawanya ujazo huo kwa kasi ya mtiririko, utajua vali ina sekunde ngapi za kugeuka kabla bonge halijafika.