Weusi wa Vyungu vya Magdalene Odundo

Mfinyanzi hulia gaeni, walisema wahenga. Vyungu vya Magdalene Odundo havijawahi kuona jiko wala kutekewa maji. Vimewekwa kwenye makumbusho, British Museum ya London ikiwemo, na watu huvizunguka kama wanavyozunguka sanamu. Kwa maoni yangu ni sanamu hasa: vina tumbo, shingo na mdomo, na vingine vina vinundu mithili ya pingili za uti wa mgongo.

Odundo alizaliwa Nairobi mwaka 1950. Hakuanza na udongo. Alikuwa msanii wa matangazo ya biashara, na mwaka 1971 alikwenda Cambridge kuendelea na fani hiyo hiyo. Udongo ulimnasa huko Uingereza. Akajiunga na chuo cha sanaa cha Farnham, na katikati ya masomo akafunga safari hadi Abuja, Nigeria (Abuja ya zamani, ambayo leo ni Suleja). Hapo alijifunza kwa Ladi Kwali, mama ambaye picha yake imo nyuma ya noti ya naira 20. Kwali alifinyanga kwa kuuzunguka mtungi yeye mwenyewe, mtungi umetulia.

Hata leo Odundo hatumii gurudumu la kuzungushia udongo. Hupandisha kuta kwa mikono, mkanda wa udongo juu ya mkanda, kisha hukwangua, hupaka tope laini lililochujwa na kulisugua mpaka ling'ae.

Swali ninaloulizwa sana ni hili: ule weusi ni rangi gani? Si rangi. Chungu kikichomwa penye hewa ya kutosha, chuma kilichomo kwenye udongo hugeuka chekundu, kama kutu. Kikirudishwa motoni ndani ya chombo kilichofunikwa, pamoja na vitu vya kuungua, moto hukosa oksijeni. Chuma hubadilika na moshi hupenya kwenye udongo. Chungu cha rangi ya chungwa na cheusi huweza kutoka kwenye udongo ule ule. Moto ukiamua, kimoja hutoka na mabaka ya rangi zote mbili.

Odundo alirudi Farnham kufundisha, akawa profesa mwaka 2001. Mwaka 2018 akateuliwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Sanaa za Ubunifu, kilichorithi chuo chake cha zamani.

Ukikutana na kazi yake, usisimame mbele tu. Zunguka. Shingo uliyodhani imenyooka utaikuta imeinama upande.