Basi la saa tisa usiku: ninavyobuni skrini ya kukatia tiketi

"Jumamosi 14 Machi, 03:00." Mpe abiria tiketi yenye maandishi hayo, kisha muulize atakuwa stendi lini. Mmoja atakwambia Jumamosi saa tatu asubuhi. Mwingine atasema Jumamosi saa tatu usiku. Wa tatu, aliyezoea saa za ofisini, anajua kabisa kuwa 03:00 ni saa tisa usiku, ila atakuja usiku wa Jumamosi, ule wa kuamkia Jumapili. Wote watatu wamesoma kwa akili zao timamu, na wote watatu basi limewaacha.

Mimi ni mbunifu wa violesura, nafanyia kazi Dar es Salaam. Ninaamua skrini ya simu imwoneshe mtu nini, kwa maneno gani, kipi kianze na kipi kifuate, na kidole chake kikigusa hapa kitokee nini. Rangi na maumbo nayapenda sana, lakini huja baadaye. Siku hizi sehemu kubwa ya kazi yangu ni programu za kukatia tiketi za mabasi ya mikoani, na nitaieleza fani kupitia hizo, maana tiketi moja inabeba karibu kila ninachokiamini.

Nilianzia steshenari. Nilibuni kadi za michango, kadi za harusi, mabango ya maduka na fulana, kwa CorelDRAW na Photoshop. Kadi zikishachapwa hazirudi. Kwa hiyo kabla ya kuchapa tulimpa mteja nakala moja aisome kwa sauti mbele yetu: majina ya maharusi, ukumbi, tarehe, saa. Akisoma kimyakimya haoni kitu. Akitamka ndipo anasema, "Hapana, jina la baba mkwe limekosewa." Nilipohamia kwenye tovuti, na baadaye kwenye programu za simu, nilihama na tabia hiyo. Popote ambapo kidole kinakwenda kugusa jambo lisilorudi nyuma, mtu aoneshwe kwanza, kwa maneno yake ya kila siku, kile anachokwenda kufanya.

Yeyote aliyewahi kutuma pesa kwa simu anaujua ustaarabu huu. Unaandika namba, unaandika kiasi, halafu linatokea jina la mpokeaji kabla hujathibitisha. Kenya, Safaricom waliuita Hakikisha. Ukiona jina si la shangazi, unasitisha. Na hiyo menyu ya nyota na reli haina picha wala rangi, ukurasa wake mmoja hauzidi herufi 182, na ukichelewa kujibu inajifunga. Bado watu wanaitumia gizani, kwenye kitochi chenye kioo kilichopasuka, kwa kukariri tu namba za kubonyeza. Naiheshimu kuliko programu nyingi zenye mapambo. Ndiyo maana vijana wakiniomba niwaoneshe kiolesura bora cha ukanda wetu, huanza na hicho.

M-Pesa yenyewe ina funzo ninalolirudia kwa kila timu. Ilizinduliwa Kenya Machi 2007, lakini majaribio yalianza 2005, na lengo la mwanzo lilikuwa watu warejeshe mikopo yao ya taasisi ndogo ya fedha kupitia simu. Walioipokea wakaanza kuitumia kutumiana pesa wao kwa wao. Waliokuwa wakiisimamia waliliona hilo, na huduma iliyozinduliwa ikawa ya kutuma pesa nyumbani. Mbunifu asiyekwenda kutazama watu wakitumia kitu chake asingeligundua, hata akae na kompyuta mwaka mzima.

Basi mimi huanzia stendi. Kituo cha Magufuli pale Mbezi Luis ni shule kubwa. Simama karibu na dirisha la tiketi, usikilize tu. "Unaenda wapi? Lini? Gari la saa ngapi? Mko wangapi? Unapenda kukaa wapi? Jina?" Jina linakuja mwisho, bei ikishakubaliwa. Sasa fungua programu nyingi za tiketi: kitu cha kwanza ni jisajili, weka barua pepe, tengeneza nywila, rudia nywila. Hakuna mkata tiketi angemfanyia mteja hivyo, angebaki peke yake dirishani. Huwa nayaandika mazungumzo ya dirishani kwenye karatasi kama yalivyo, neno kwa neno, na mpangilio wake ndio unakuwa mpangilio wa skrini zangu. Sifungui Figma, programu ya kuchorea skrini, mpaka karatasi hiyo isomeke vizuri kwa mtu ambaye hajawahi kuniona.

Mchoro wa viti ndio ninaoutolea jasho zaidi. Violezo vingi vinavyopatikana mtandaoni vinamweka dereva kushoto. Kwetu dereva anakaa kulia na mlango uko kushoto. Abiria hasomi "A1" wala "C4", anajiweka mwenyewe ndani ya basi: napanda mlangoni, natazama mbele, dereva yule pale. Ukimwekea usukani upande usio wake, anachagua kiti cha dirishani kulia na kujikuta kushoto, jua likimpiga njia nzima. Kwa hiyo nachora usukani kulia, naonesha mlango, naweka alama ya tairi ili anayetaka kukwepa mtikisiko aone, na kiti kikiguswa maneno yanatokea chini: "Kiti B1, dirishani, kushoto." Kiti kilichochukuliwa hakipewi rangi tofauti tu, kinawekewa alama ya mkato pia, kwa sababu wapo wasioitofautisha nyekundu na kijani, na wapo wengi zaidi ambao wamepunguza mwanga wa simu ili chaji ifike jioni.

Kisha kuna sarufi, ambayo waprogramu huniona naisumbukia kupita kiasi. Wao hupenda sentensi moja yenye nafasi ya kujaza namba. Matokeo yake ni "Viti 1 vimebaki", na kibaya zaidi "Tiketi 3 imehifadhiwa". Kiswahili hakikubali: kiti kimebaki, viti vimebaki, tiketi imehifadhiwa, tiketi zimehifadhiwa. Mifumo ya simu inaruhusu kuandika sentensi ya umoja na ya wingi kila moja mahali pake, ni suala la kukaa chini na kuziandika. Mtu anayekwenda kukulipa nauli anastahili kusemeshwa lugha iliyonyooka. Akiona programu haijui hata kuhesabu viti, kwa nini aiamini na pesa yake?

Sasa turudi kwenye saa.

Kwa miaka mingi mabasi ya mikoani Tanzania hayakuruhusiwa kusafiri usiku. Safari zilianza alfajiri, na kila mtu alijua kuwa 06:00 ni saa kumi na mbili asubuhi, hata asiyejua saa za kizungu aliizoea. Serikali iliporuhusu safari za saa 24 mwaka 2023, zikaja ratiba za saa nne usiku, saa sita usiku, saa tisa usiku. Ghafla namba zilezile zikawa na maana mbili, na zote mbili zinawezekana, kwa sababu basi la 03:00 lipo na basi la saa tatu asubuhi nalo lipo. Simu haisaidii. Hata ukiiweka katika Kiswahili, saa yake inaendelea kuhesabu kuanzia usiku wa manane, wakati sisi tunahesabu kuanzia jua linapochomoza na linapozama.

Halafu siku yenyewe. Kwa wazee wengi wa pwani siku huanza magharibi, hivyo "usiku wa Jumamosi" kwao ni ule unaoutangulia mchana wa Jumamosi. Kwa kijana wa mjini ni ule unaoufuata. Huwezi kuwaita wote ukawafundisha kalenda moja. Lugha lakini ina dawa yake tayari, na ndiyo niliyoitumia. Mstari wa kwanza, kwa herufi nene: "Usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi 14 Machi." Wa pili: "Saa 9:00 usiku." Pembeni, kwa herufi ndogo zaidi: "03:00", kwa sababu ofisi na wasimamizi wa safari wanaitumia hiyo. Na chini kabisa hesabu inayopungua: "Basi linaondoka baada ya saa 7 na dakika 20." Mstari huu wa mwisho nimeupigania sana kwenye vikao, kwa kuwa ndio pekee usiohitaji makubaliano yoyote kuhusu saa inaanzia wapi.

Niliambiwa skrini imejaa maneno. Kweli imejaa. Fani yetu ina upendo mkubwa wa nafasi nyeupe na picha chache, na ninaelewa unakotoka, lakini usafi wa skrini unapimwa kwa shaka iliyobaki kichwani mwa msomaji. Ndivyo ninavyoziona ikoni pia. Mbunifu Susan Kare alizichora ikoni, yaani vile vipicha vya kugusa au kubofya, za kompyuta ya Macintosh ya 1984 kwanza kwenye karatasi ya miraba, kila mraba nukta moja, na kazi yake bado inapendeza hadi leo. Ila alama ya disketi, kile kifaa cha zamani cha kuhifadhia kazi za kompyuta, kwa maana ya "hifadhi" haimwambii chochote mtu ambaye kompyuta yake ya kwanza ni simu janja. Mimi naweka ikoni na neno pamoja. Nafasi ikikosekana, ikoni ndiyo inayoondoka.

Vipimo vya kawaida navifuata bila ubishi. Maandishi madogo yawe na utofauti wa mwanga wa angalau 4.5 kwa 1 dhidi ya mandhari yake. Kitufe kiwe na upana wa kama milimita 9, kidole gumba kisigonge jirani. Kijivu hafifu juu ya nyeupe kinavutia ofisini kwenye kiyoyozi, toka nacho nje saa saba mchana uone kama utasoma bei. Kujaribu nako ni rahisi: simu ya bei nafuu, mtu asiyeijua programu, na kazi moja, "Mkatie mama tiketi ya Dodoma ya Ijumaa." Ukishamkabidhi, nyamaza. Kila unapotamani kumwelekeza, hapo ndipo skrini ina pengo.

Hiyo ya kumkatia mama imeniletea suala ninaloshughulika nalo sasa. Tiketi hufika pia kwa meseji, na meseji moja ina herufi 160. Nimeiandika hivi:

DAR-DODOMA. Usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi 14/3, saa 9:00 usiku (03:00). Fika stendi Mbezi saa 8:30 usiku. Kiti B1, dirishani. Namba ya tiketi 48213.

Ni herufi 151. Jina la kampuni halimo kwa sababu linakaa mahali pa mtumaji, panapobeba herufi 11. Lakini mara nyingi anayenunua siye anayesafiri. Kijana anakata tiketi akiwa Kariakoo, anamtumia mama yake meseji ileile, na jina la kampuni linapotea njiani: kwa mama, mtumaji ni mwanawe. Anafika Mbezi usiku mnene, mabasi ya Dodoma ni mengi, na hajui lake ni lipi. Jina lazima liingie ndani ya meseji, na zimebaki herufi 9. Wenzangu wanataka tufute "dirishani". Mimi naona tufute "DAR-", kwa kuwa stendi ya Mbezi imeshatajwa. Wiki ijayo tunapeleka zote mbili stendi, tuwape watu wasome.